UZI: Maambukizi ya ncha ya mzizi wa jino kwa watu wazima: ni wangapi wanayo, na kwa nini mengi hayaumi

Mzizi_Himbi (Goma)

Wandugu wa meno, salamu kutoka Himbi. Swali hili limejirudia mara nyingi katika majadiliano yetu, heri tuliwekee uzi wake. Mtu mzima akikaa kwenye kiti cha meno, amekuja kwa jambo lingine kabisa, kuna uwezekano gani kwamba ana ugonjwa kwenye ncha ya mzizi asioujua?

Uwezekano ni zaidi ya nusu. Uchambuzi wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2021, uliounganisha tafiti za nchi nyingi, ulikuta 52% ya watu wana angalau jino moja lenye ugonjwa huo. Waliochunguzwa kwenye huduma za meno walikuwa 57%, raia wa kawaida 40%, na wenye magonjwa ya mwili mzima 63%. Kwa hiyo takwimu ya kliniki usiipeleke mtaani ukasema "nusu ya Goma". Anayekuja kliniki tayari ana sababu ya kuja.

Sasa tazameni hesabu ya meno yenyewe, maana hapo ndipo kuna fundisho. Kati ya meno yote, yenye ugonjwa ni 5%. Meno ambayo mzizi wake haujawahi kutibiwa (yaani mfereji wa ndani kusafishwa na kujazwa): 3%. Meno yaliyokwisha kutibiwa mzizi: 39%. Mtu mwenye meno 26 akipigiwa hesabu ya 5% anapata jino 1.3, lakini ugonjwa haugawanyiki sawasawa: mmoja hana hata moja, mwingine anayo manne. Ndiyo maana 5% ya meno inaweza kugusa nusu ya watu.

Chanzo ni vijidudu, hilo halina ubishi tangu 1965, pale Kakehashi na wenzake walipotoboa meno ya panya mpaka kwenye kiini (nyama laini ya ndani yenye neva na damu). Panya wa kawaida kiini kilioza na mfupa ukaliwa. Panya waliolelewa bila kijidudu chochote walijenga dentini (tishu ngumu ya jino) mpya na kuziba tundu, ingawa chakula kilikuwa kinaingia humo. Kiini kikifa, damu haifiki tena ndani ya mfereji wa mzizi. Vijidudu vinakaa humo kwa usalama, na mwili unaweka ulinzi nje ya ncha. Ulinzi huo ndio unaokula mfupa. Maadamu pande mbili zimelingana nguvu, hakuna shinikizo la usaha, na mgonjwa hasikii kitu kwa miaka.

Kadutu_Meno (Bukavu)

Aksanti Dokta Himbi. Naunga mkono, ila 39% isisomwe kama "matibabu ya mzizi yanashindwa kwa 39%". Tafiti hizo ni za picha moja iliyopigwa siku moja. Kivuli unachokiona, yaani doa jeusi mahali mfupa umeliwa, kinaweza kuwa kinapungua: jino lilitibiwa miezi sita iliyopita, mfupa bado unajijenga. Picha haikuambii kama kivuli kinakua au kinakufa. Uchambuzi wa mwaka 2012, uliopitia meno zaidi ya 300,000, ulipata 36% kwa yaliyotibiwa na 2% kwa yasiyotibiwa, na ulikuwa na kasoro ileile.

Ukitaka kujua matibabu yana nguvu gani, tafuta tafiti zinazomfuata mgonjwa. Sjögren na wenzake huko Uswidi, mwaka 1990, waliwafuata wagonjwa miaka 8 hadi 10. Meno ambayo hayakuwa na kivuli kabla ya kutibiwa: zaidi ya 96% yalikuwa salama. Yenye kiini kilichokufa na kivuli: 86%. Yaliyorudiwa matibabu huku yana kivuli: 62%. Angalieni ngazi hiyo inavyoshuka. Nafasi ya kwanza ndiyo nafasi bora, na kazi mbovu ya mwanzo inamnyima mgonjwa kitu ambacho fundi anayefuata hawezi kukirudisha chote.

Ukiondoa kasoro hiyo ya picha moja, tofauti kati ya 86% ya Sjögren na hali ya tafiti za raia haitokani sana na ugonjwa. Inatokana zaidi na jinsi kazi inavyofanywa.

Muuguzi_Bagira (Bukavu)

Madokta, kwenye kituo kidogo tunatumia panoramiki (picha moja ya taya zote) ya hospitali nyingine. Inatosha kuhesabu meno yenye ugonjwa?

Radio_Katuba (Lubumbashi)

Yaya, panoramiki inakupa picha ya jumla, lakini itakupa idadi pungufu. Meno ya mbele ndiyo yanapotea zaidi, kwa sababu kivuli cha uti wa shingo kinaangukia juu yake. Mizizi ya magego ya juu nayo inachanganyika na sinasi na mfupa wa shavu. Itumie kuchagua, kisha kila jino unalolitilia shaka lipigie radio (picha ya eksirei) ndogo ya ndani ya mdomo, filamu sambamba na jino, ikionyesha angalau milimita 2 hadi 3 za mfupa zaidi ya ncha.

Hata radio ndogo ina mpaka wake. Kidonda kikiwa ndani ya mfupa laini tu, bila kugusa ganda gumu la taya, kinaweza kisionekane. Seltzer na Bender walilionyesha jambo hilo tangu 1961. Skana ya pande tatu inaona vidonda vingi zaidi, ndiyo maana tafiti zinazoitumia hutoa asilimia kubwa. Msilinganishe takwimu za skana na za filamu kana kwamba ni kitu kimoja.

Kwa kuhesabu, tumieni kipimo cha PAI (alama ya hali ya ncha ya mzizi kwenye radio) cha Ørstavik, cha mwaka 1986. Kina ngazi tano: 1 mfupa wa kawaida, 2 mabadiliko madogo ya mpangilio wa mfupa, 3 mpangilio umebadilika na madini kidogo yamepotea, 4 kivuli cheusi chenye mpaka wazi, 5 kivuli kikubwa chenye dalili za kuchachamaa. Kuanzia 3 kwenda juu ni ugonjwa. Jino lenye mizizi mingi linapewa alama ya mzizi ulio mbaya kuliko yote. Wasomaji wawili wasome kila mmoja peke yake, kisha wakae pamoja kwa picha walizotofautiana.

Kwa wanaosafisha filamu kwa mkono: joto la dawa ya kwanza, ile inayotoa picha, linaweza kuwapa ugonjwa usiokuwepo. Kwa 20°C filamu inakaa dakika 5. Kwa 22°C ni dakika 4, kwa 24.5°C ni 3, kwa 26.5°C ni 2 na nusu. Hapa Lubumbashi mwezi wa Oktoba chumba cha giza kinapita 27°C bila shida, na mtu akishikilia dakika tano zake filamu inatoka nyeusi, mfupa mwembamba unaungua, na kila ncha inaonekana ina kivuli. Nunueni kipimajoto cha kuzamisha. Kwa wenzetu wa Goma na Bukavu shida ni kinyume: asubuhi dawa ni baridi, filamu inatoka hafifu, na kidonda cha kweli kinajificha. Dawa iliyochoka inaleta hafifu hiyohiyo. Pigeni filamu moja ya mfano siku dawa ikiwa mpya, itundikeni, na kila asubuhi linganisheni.

Mama_Dokta_Ibanda (Bukavu)

Radio_Katuba ameongea vizuri. Niongeze vivuli vinavyodanganya, maana hapa watu wanatobolewa meno mazima.

Tundu la neva ya kidevu liko karibu na ncha za magego madogo ya chini. Kwenye picha linaweza kukaa juu ya ncha kabisa. Piga tena ukisogeza mashine pembeni: tundu litahama kutoka kwenye mzizi, kidonda kitabaki nao. Tundu la kaakaa nyuma ya meno mawili ya mbele ya juu lina tabia hiyohiyo.

Kinachoniumiza zaidi ni ugonjwa wa mfupa na simenti (ganda la mzizi) unaotokea kwenye ncha za meno ya mbele ya chini. Unawapata hasa wanawake weusi wa umri wa kati, yaani mama zetu hawa tunaowaona kila siku. Mwanzoni ni vivuli vyeusi vya duara kwenye ncha za meno mawili, matatu, manne. Baadaye vinachanganyika na weupe katikati, mwishoni vinakuwa vyeupe vyenye ukingo mweusi. Meno yako hai na hayana tundu. Asiyejua anaona "maambukizi manne", anafungua meno manne mazima, na kwa kufungua anaingiza vijidudu ambavyo havikuwepo. Ugonjwa huu hautibiwi. Unaandikwa, unaelezwa kwa mgonjwa, unapigiwa radio baada ya muda kuhakikisha unafuata mkondo wake.

Cha kuokoa ni kipimo cha baridi. Dawa ya kupuliza ikikosekana, jaza maji safi kwenye kofia za plastiki za sindano na uzigandishe: unapata vijiti vya barafu. Kausha jino, litenge kwa pamba, shika kofia kwa gozi, gusisha barafu karibu na fizi kwa sekunde chache. Anza na jino zima la upande wa pili ili mgonjwa ajue hisia ya kawaida ikoje, naye asijue lipi unalitilia shaka. Akisikia na ikaisha mara ukiondoa, kiini kiko hai. Ikibaki inauma kwa muda, kiini kina ugonjwa. Asiposikia kitu, rudia mara mbili kabla ya kusema limekufa, kwa sababu kwa wazee mifereji imejaa madini na jibu linaweza kukosekana. Kwenye gego, mzizi mmoja unaweza kuwa umekufa na mwingine uko hai.

Kivuli kikubwa chenye vyumba vingi, taya limevimba kwa nje, mizizi imeliwa: hapo usifikirie mfereji. Ameloblastoma, uvimbe wa taya unaokula mfupa, iko kwetu. Mpeleke mgonjwa kwa mpasuaji wa taya.

Mzizi_Himbi (Goma)

Asante Mama Dokta. Kwa upande wetu kuna rangi pia. Moshi wa volkano ya Nyiragongo unaleta floraidi kwenye maji ya mvua, na watu wanaokunywa maji hayo tangu utotoni wanapata madoa ya kahawia na meupe. Jino lililokufa nalo hubadilika rangi. Tofauti: floraidi inapaka meno mengi, ya kushoto na kulia sawasawa. Jino moja la kijivu peke yake kati ya majirani meupe ndilo la kupigia radio, hasa kama mtu aliwahi kuanguka na pikipiki.

Muuguzi_Bagira (Bukavu)

Nimeandika. Swali la pili: wagonjwa wengi wanafika wamekwisha kunywa amoksisilini kutoka duka la dawa, maumivu yamepoa, wanataka kurudia dozi. Tuwaambie nini?

Kadutu_Meno (Bukavu)

Waambieni ukweli: dawa inasafiri kwa damu, na ndani ya mfereji wa jino lililokufa hakuna damu. Inapunguza vijidudu vilivyotoka nje ya ncha, uvimbe unashuka, ghala lenyewe halijaguswa. Baada ya wiki au miezi linafunguka tena.

Maumivu ya kiini kilichowaka, au jipu dogo lililobaki mahali pake bila homa, hayahitaji antibiotiki. Yanahitaji jino kufunguliwa, jipu kutobolewa, au jino kung'olewa. Kwa maumivu, ibuprofeni miligramu 400 pamoja na parasetamoli miligramu 1000, kila baada ya saa 8, inafanya kazi vizuri kwa mtu mzima. Ibuprofeni isipewe mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, au mjamzito.

Antibiotiki inaingia pale kuna homa, uvimbe unaotambaa, tezi zimevimba, au kinga ya mwili imeshuka. Amoksisilini miligramu 500 mara tatu kwa siku, siku 3 hadi 7, na mgonjwa aonekane tena siku ya tatu. Lakini usaha utolewe, dawa ni msaidizi tu. Asiyepatana na penisilini apewe nyingine, muulizeni kabla ya kuandika.

Na hizi hazisubiri asubuhi: mdomo haufunguki, mate yanashindwa kumezwa, ulimi umeinuliwa na uvimbe wa chini, shingo imekuwa ngumu pande zote mbili, sauti imebadilika, jicho limefungwa na uvimbe. Hospitali kubwa usiku huohuo, mgonjwa akikaa wima, asilazwe chali. Njia ya hewa inaweza kuziba ndani ya saa chache.

Mwanafunzi_Kamalondo (Lubumbashi)

Wakubwa zangu, shikamoni. Kama 39% ya yaliyotibiwa yana kivuli, kosa linatokea hatua ipi hasa?

Mama_Dokta_Ibanda (Bukavu)

Marahaba mwanangu. Hatua ni nyingi, lakini si zote zina uzito sawa.

Kosa la kwanza ni mate. Jino linafunguliwa bila mpira wa kutenga, ile digi, na kila mate yanapoingia yanaleta vijidudu vipya. Ondoa uozo wote na ujazo wa zamani kabla ya kugusa mfereji. Kama kuta hazishiki klampu (kibanio cha digi), zijenge kwanza kwa simenti ya glasi. Usipoweza kulitenga jino, jiulize kama unaweza kulitibu.

Kosa la pili ni mfereji uliosahaulika. Gego la kwanza la juu lina mfereji wa pili kwenye mzizi wa mbele wa upande wa shavu katika zaidi ya nusu ya meno. Ukijaza mitatu ukafunga, wa nne unaendelea kulisha kidonda. Tafuta kwenye mstari unaotoka mdomo wa mfereji wa kwanza kuelekea wa kaakaa. Meno ya mbele ya chini nayo mara nyingi yana mfereji wa pili, upande wa ulimi.

La tatu ni urefu. Lenga milimita 0.5 hadi 1 kabla ya ncha inayoonekana kwenye radio. Urefu wa wastani ni wa kuanzia tu: jino la katikati la juu kama milimita 22.5, chonge la juu 26 na zaidi kidogo, gego la kwanza la chini 21. Ingiza limu (kijiti cha chuma cha kukwangua mfereji) namba 15, piga radio, au tumia mashine ya kupimia urefu kisha uthibitishe kwa radio. Mashine inadanganya mfereji ukiwa umefurika maji au limu ikigusa ujazo wa chuma. Ukiishia milimita 4 kabla ya ncha, umeacha chakula cha vijidudu mahali pabaya kuliko pote. Ukipita ncha, unasukuma uchafu kwenye mfupa.

La nne, kuosha. Limu hazigusi kuta zote, zinatengeneza njia ya dawa kupita. Hipokloriti ndiyo inayeyusha kiini kilichokufa na kuua vijidudu, kati ya 0.5% na 5.25%, wengi wetu tunatumia 2.5%. Osha kila baada ya limu, mililita 2 au zaidi kwa kila mfereji. Mwisho EDTA 17% kwa dakika moja kuondoa tope la dentini, halafu hipokloriti tena. Usiikutanishe hipokloriti na klorheksidini (dawa nyingine ya kuua vijidudu) ndani ya mfereji: inatoka mashapo ya kahawia yanayoziba.

Kama kiini kilikuwa kimeoza na mfereji bado unatoa majimaji, usijaze siku hiyo. Kausha, weka unga wa haidroksidi ya kalsiamu uliochanganywa na maji ya chumvi ya hospitali mpaka uwe uji mzito, funga kwa angalau milimita 3 hadi 4 za ujazo wa muda, mrudishe baada ya siku 7 hadi 14. Mgonjwa asiporudi kwa miezi mitatu, ujazo wa muda umekwisha kuvuja na kazi inaanza upya. Mwambie hilo kabla hajashuka kwenye kiti.

Pasta ya arseniki ya kuua mshipa, iacheni kabisa. Ikivuja inaua fizi na mfupa.

Na la mwisho, kofia, yaani ujazo wa juu unaofunga jino. Ray na Trope, mwaka 1995, walitazama meno 1,010 yaliyotibiwa mzizi. Kazi ya mfereji na ujazo wa juu vikiwa vizuri vyote, 91.4% hayakuwa na uvimbe wa ncha. Vyote vikiwa vibaya, 18.1% tu. Mgonjwa aliyemaliza hela kwenye mfereji akaondoka na pamba au ujazo wa muda, hajamaliza matibabu. Bei ielezwe tangu mwanzo ikiwa na ujazo wa kudumu ndani yake.

Mzizi_Himbi (Goma)

Kuhusu hipokloriti, wanaonunua javeli (hipokloriti ya kufulia) ya dukani wasome chupa vizuri. Nyingine zinaandika digrii, si asilimia. Digrii moja ni gramu 3.17 za klorini kwa lita, kwa hiyo digrii 12 ni karibu 3.8%. Vipimo viwili vya javeli hiyo na kimoja cha maji safi vinatoa karibu 2.5%. Ile yenye manukato au sabuni haifai mdomoni. Isiyo na kiwango chochote kwenye chupa msiitumie. Jua na joto vinaiua, iwekwe kwenye chupa ya giza mahali pa baridi, na iliyochanganywa na maji isikae wiki nyingi.

Sindano iwe ya tundu la pembeni, geji 27 au 30, iishie milimita 2 kabla ya urefu wa kazi (urefu wa mfereji uliopima), iwe inacheza ndani ya mfereji, na isukumwe kwa kidole cha shahada, si kwa nguvu ya dole gumba. Ikibana na ukasukuma, dawa inatoka nje ya ncha: maumivu makali ghafla hata kwenye ganzi, damu inajaa mfereji, shavu linavimba mbele ya macho yako. Acha hapohapo, osha kwa maji ya chumvi ya hospitali, barafu kwa nje siku ya kwanza, maji ya vuguvugu siku zinazofuata, dawa ya maumivu, na umuone kila siku mpaka ipungue. Uvimbe ukienda jichoni au shingoni, hospitali.

Mwanafunzi_Kamalondo (Lubumbashi)

Nimeelewa, aksanti sana. Na tunajuaje kwamba kivuli kinapona?

Radio_Katuba (Lubumbashi)

Radio siku ya kujaza, kisha baada ya mwaka mmoja. Ikiwa kivuli kimepungua lakini hakijaisha, endelea kufuata hadi miaka minne kabla ya kusema matibabu yameshindwa. Kama kimekua, au kimejitokeza pale ambapo hakikuwepo, au kuna tundu la usaha kwenye fizi, usingoje.

Picha zote ziwe za pembe moja, la sivyo unalinganisha pembe, hulinganishi mifupa. Kishikio cha filamu kilekile, na ukiweza weka alama ya mng'ato wa mgonjwa kwa silikoni, andika jina lake, hifadhi. Daftari liwe na safu hizi: tarehe, umri, namba ya jino, limetibiwa mzizi au la, kipimo cha baridi, PAI ya kwanza, urefu wa kila mfereji, aina ya ujazo wa juu na tarehe uliyowekwa, PAI ya mwaka mmoja. Safu ya ujazo wa juu watu huiacha wazi, na kivuli kikirudi ndiyo ya kwanza kutafutwa. Kama wa Goma, Bukavu na hapa tutaandika kwa safu hizohizo, baada ya mwaka tunaweza kuweka hesabu zetu pamoja. Nitaweka mfano wa ukurasa hapa kesho jioni, umeme ukiruhusu.